Mabinti wa Julai Mosi na shahidi wa Buyenzi

Aziza alijiponza kwa mdomo wake mwenyewe, sahani ya visheti mkononi. Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka 2012, nyumbani kwake Anderlecht, Brussels, ghorofa ya saba, siku ile wazazi wa Djibril, mkwewe mtarajiwa, walipotoka Antwerp kuja kupanga tarehe ya harusi. Mambo yalikuwa yamekwenda vizuri. Mahari ilikuwa imekubaliwa, wanaume walikuwa wameshahamia kwenye mpira wa televisheni, na Lina, bintiye, alikuwa amepita na chai mara mbili bila kumwaga. Ndipo Mama Djibril, mwanamke wa Ujiji mwenye sauti laini kama ya mtu anayebembeleza mtoto, akafuta vidole kwa kitambaa, akauliza:

"Sisi siku hiyo hatutakuja wengi, dada yangu. Kina mama arobaini tu, wale wanaotuhusu kabisa. Na upande wenu mtakuwa kina mama wangapi?"

Aziza akavitazama visheti. Upande wake alikuwepo yeye. Dada yake mkubwa alifariki wakati wa vita. Mdogo wake yuko Bujumbura, amenyimwa viza mara mbili. Kazini, kwenye yale maghorofa ya ofisi karibu na stesheni ya Gare du Nord anakosafisha tangu saa kumi na moja alfajiri, alikuwa na rafiki mmoja wa Poland, mwanamke wa moyo safi ambaye angekuja hata kwa miguu, lakini vigelegele hakuvijua.

"Thelathini," Aziza akasema. Halafu, kwa kuogopa kwamba imeonekana kidogo, akaongeza, "Thelathini na kitu."

Mumewe Hamissi aligeuza shingo kutoka kwenye mpira, akamtazama, akarudi kwenye mpira. Miaka ishirini na miwili ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba neno la mkewe likishatoka halirudi kwa kutazamwa.

Wageni walipoondoka, Lina alisimama mlangoni mwa jiko. "Mama, hao thelathini na kitu ni kina nani?"

"Osha vikombe," Aziza akamwambia.

Lakini yeye alishajua ni kina nani. Kwa mtu aliyetoka Bujumbura na kuishi Brussels, hakukuwa na mahali pengine pa kuwapata kina mama thelathini waliovaa sare moja isipokuwa kwa Mabinti wa Julai Mosi.

Mabinti wa Julai Mosi, tawi la Brussels, kilikuwa chama cha wanawake wa Burundi wenye damu ya uhuru, ule uliotoka kwa Wabelgiji tarehe hiyo mwaka 1962. Si kila mwanamke wa Burundi, la. Kanuni ya nne ilisema wazi kwamba mwanachama kamili ni binti au mjukuu wa mtu aliyeteswa, aliyefungwa, aliyefukuzwa au aliyenyang'anywa mali na wakoloni kwa ajili ya uhuru wa nchi. Makao makuu yalikuwa Bujumbura, yaani chumba kimoja na sanduku la posta. Tawi lilikutana Jumapili ya pili ya kila mwezi, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, kwenye ukumbi wa manispaa hatua chache kutoka kituo cha metro. Ikifika saa kumi na moja kasoro dakika tano, watoto wa karate walianza kusukuma mlango.

Ukumbi walipewa bure na Wabelgiji. Kahawa na biskuti zilitoka kwenye msaada wa Wabelgiji kwa vyama vya utamaduni. Chini ya taa za Wabelgiji, mama rais wa tawi, Viviane, mwanamke mnene mwenye miwani ya dhahabu na pasipoti ya Ubelgiji kwenye mkoba, alikuwa akisimama kila mwezi kueleza ubaya wa Wabelgiji mpaka wenye machozi ya karibu wakatoa leso. Siku moja alifika pale kwenye viboko, akanyamaza ghafla, akauliza ni nani aliyeegesha gari mbele ya geti la jirani, kwa sababu polisi wameanza kuandika. Nusu ya Mabinti walitoka mbio. Waliporudi, aliendelea na viboko pale pale alipoviacha.

Kulikuwa pia na Ukuta wa Mashujaa. Huo ulikuwa mbao tatu zilizounganishwa kwa bawaba, zikakunjika kama sanduku, na juu yake picha za mababu ishirini na sita. Kwa kuwa ukumbi ulikuwa wa kuazima, Ukuta haukuweza kubaki pale. Ulilala nyumbani kwa katibu, Godeliève, na kubebwa kwenda na kurudi kwa metro ya mstari wa tano. Mbebaji alikuwa Aziza.

Hii ni kwa sababu Aziza alikuwa "mwanachama mtazamaji". Cheo hicho kilitungwa kwa wale ambao babu zao hawajathibitishwa. Mtazamaji aliruhusiwa kupika, kuosha vikombe, kupanga viti na kubeba mashujaa, ila kupiga kura hakuruhusiwa. Kwa miaka mitatu Aziza alikuwa amekaanga sambusa za chama, na kwa miaka mitatu alikuwa akiwafuta vumbi mababu wa watu. Akawajua mmoja mmoja. Alishaona kwamba mashujaa wawili wa mbao ya kati walikuwa mtu mmoja, mara na kofia, mara bila kofia, ila hakuthubutu kumwambia mtu. Mkimbizi hujifunza kuona mengi na kusema machache, na Aziza alikuwa mwanafunzi mzuri wa shule hiyo, kwani ya vitabu aliiacha darasa la tano.

Sasa shida yake ilikuwa kanuni ya tisa. Kanuni ya tisa ilisema chama kitamsindikiza bibi harusi, kwa sare, ngoma na vigelegele, kama mama yake ni mwanachama kamili. Binti wa mtazamaji alipelekewa kadi yenye sahihi ya rais.

Basi Aziza akaenda kwa Godeliève, akaomba kuthibitishwa.

Godeliève alikuwa mwembamba, mnyoofu, na kalamu yake aliifunga shingoni kwa kamba kama refa na filimbi. "Unayo karatasi, Mama Lina?"

Hakuwa nayo. Kwa kweli hakuna Binti aliyekuwa nayo. Ilijulikana kwamba karatasi za wakati ule ziko hapa hapa Brussels, kwenye hifadhi ya serikali, na kwamba mtu anaweza kuandika barua akaomba kuzisoma. Katika miaka sita ya uhai wa tawi, hakuna Binti aliyeandika barua hiyo. Walisema karatasi za wakoloni ni za uongo. Walisema hivyo haraka sana, kisha wakabadilisha mazungumzo.

"Bon, kama hakuna karatasi, donc shahidi," Godeliève akasema. "Awe na miaka soixante-quinze, sabini na tano, kwenda juu, awe nyumbani Burundi, na aseme kwa simu mbele ya wanachama wote, haut-parleur wazi, kila mtu asikie."

Masharti ya shahidi yalikuwa mapya. Zamani shahidi alimpigia katibu peke yake, na Mabinti wote ishirini na sita wa kwanza waliingia kwa njia hiyo. Lakini mwaka uliotangulia Godeliève alikuwa akimsikiliza mzee mmoja wa Gitega anayesimulia mateso yake, mara akasikia nyuma ya mzee kengele ya tramu, ambayo Burundi nzima haipo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mzee alikuwa mume wa mwombaji, na kwamba Gitega yenyewe ilikuwa bafu la nyumba moja ya Molenbeek, hapa hapa Brussels. Mama rais alikasirika, akatunga masharti ya sauti wazi. Alisema ukweli hauogopi masikio.

Aziza alikuwa na shahidi mmoja tu duniani, Mzee Iddi, binamu wa mama yake ambaye alimwita mjomba, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye hajawahi kuhama mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, na kwa hiyo alikumbuka kila mtu aliyehama. Juu ya Abdul-Aziz, babu yake mzaa mama aliyemrithisha jina, Aziza alijua mambo mawili. Alikuwa fundi cherehani, na aliwahi kufungwa. Marehemu mama yake alikuwa akisema "baba alifungwa na Wabelgiji", halafu anainuka kwenda kutazama maharage.

Usiku mmoja wa wiki, Hamissi akiwa zamu, alimpigia mjomba.

"Mjomba, watakuuliza kama babu alifungwa. Sema tu alifungwa."

"Si alifungwa," Mzee Iddi akasema.

"Basi. Hilo tu linatosha. Usijichoshe na mengine."

"Mwanangu, mimi sichoki kusema. Nachoka kunyamaza."

Aziza aliposikia hivyo alitamani kumbadilisha, lakini harusi ilikuwa tarehe saba ya mwezi wa saba, na shahidi wa akiba hakuwepo.

Jumapili ya tarehe kumi ya mwezi wa sita, alibeba Ukuta kwenye metro kwa mara nyingine, na begani sambusa mia. Alikuwa amenunua kadi mbili za simu, zile za kukwangua namba, kwa kuogopa laini isije ikakatika katikati ya ushahidi na kura ikashindikana. Godeliève akaweka simu ya Aziza ndani ya bakuli tupu la kachumbari ili sauti ijae ukumbini. Mabinti wakakaa nusu duara. Nyuma yao mababu ishirini na sita wakatazama.

Simu ikaita mara mbili.

"Asalaam alaykum," ikasema bakuli.

"Waalaykum salaam, mjomba, shikamoo. Ni mimi Aziza. Niko na kina mama wa chama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Baridi imepungua? Hamissi hajambo? Na yule binti, mchumba wake ni wa Ujiji ya wapi, ya juu au ya chini?"

Viviane akakohoa. "Papa Iddi, hapa ni présidente anaongea. Tunakushukuru. Alors, swali letu ni moja tu. Huyu Abdul-Aziz, babu ya Mama Lina, alifungwa na wakoloni, ao hakufungwa?"

"Alifungwa. Miezi minne. Mimi ndiye nilikuwa nampelekea ugali."

Aziza akafumba macho, akashukuru Mungu. Godeliève akaandika. Pale pale mambo yangeweza kuisha, lakini Viviane alipenda kusikia mateso kwa urefu, hasa Jumapili yenye wageni wachache. "Na alifungwa kwa sababu gani, papa?"

"Kitambaa," akasema mzee.

"Kitambaa gani?"

"Cha kaptula. Serikali ilimpa kaki ya kushona kaptula za polisi, za sikukuu ya Wabelgiji mwezi wa saba. Kaki nyingi, nzuri, ya kukaza. Abdul-Aziz akaona akibana hapa kidogo, akibana pale kidogo, anabaki na mikono mingi ya kitambaa. Akabana. Alichobakiza akashonea kofia za watu wa chama cha uhuru, akawauzia. Basi siku ya gwaride wakasimama polisi mstari, bwana mkubwa yupo, mkewe yupo, bendi inapiga. Ikatolewa amri ya kupiga goti. Koplo wa mbele akapiga goti."

Mabinti wakaliinamia bakuli. Mtu alipumua.

"Ikapasuka kutoka hapa mpaka huku. Na hakuwa amevaa kitu ndani. Kesho yake wakaja kumchukua Abdul-Aziz. Wizi wa kitambaa cha serikali, miezi minne."

Godeliève, ambaye aliandika kila kitu, aliandika neno "wizi" na kulipigia mstari. Aziza akamwona Lina mawazoni, amesimama mbele ya safu ya kina mama arobaini wa Ujiji, na nyuma yake mama mmoja wa Poland.

Viviane alivua miwani, akaifuta. Alikuwa na huruma, ile huruma ya mtu aliyekaa juu. "Mama Lina, mutu hachagui babu. Sisi hatukuhukumu. Utabaki na sisi vile vile kama mtazamaji, na sambusa zako tunazipenda. Lakini chama hiki ni cha damu ya mashujaa, si cha—"

"Nani huyo anasema?" bakuli likauliza.

"Ni mama rais, mjomba."

"Huyo bado hajanisalimu. Kaanza na maswali kama hakimu. Mwanangu, umetoka kwa nani?"

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na hakuna mtu wa nchi nyingine ambaye angelifanya. Mtu mzima wa miaka themanini akikuuliza umetoka kwa nani, humwambii kwamba kikao kina ajenda. Unasalimu, unataja baba na babu. Viviane alilelewa vizuri. Tena babu yake ndiye aliyekuwa picha kubwa ya mbao ya kati, mwenye fremu, na hakuona sababu ya kumficha. Akajinyoosha.

"Shikamoo, papa. Mimi ni Viviane. Babu yangu ni Donat, yule waliyemupiga Wazungu kwenye gwaride mbele ya watu wote, kwa sababu alikataa kuwapigia saluti."

"Donat," akasema mzee taratibu. "Donat yupi? Mwenye pengo la jino? Aliyekaa nyuma ya posta?"

"Ndiyo huyo, papa," Viviane akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua.

"Donat koplo," akasema Mzee Iddi kwa furaha kubwa. "Basi nyinyi ni ndugu kabisa na Aziza. Si huyo ndiye ninayemsema? Hakupigwa, mwanangu, nani kakudanganya? Alichekwa. Saluti alipiga vizuri sana, aliipiga huku ameshika kaptula kwa mkono wa pili. Na yeye ndiye aliyekwenda kumkamata Abdul-Aziz asubuhi yake, kwa hasira. Lakini baadaye walisameheana, Donat alikuwa mtu mwema. Aliipeleka ile kaptula kwa Abdul-Aziz ikatiwa kiraka."

Mabinti hawakucheka. Kucheka kulihitaji ujasiri. Walichofanya, Aziza alikiona vizuri kwa sababu kazi yake ni kuona, ni kwamba kila mmoja alitazama picha yake mwenyewe kwenye Ukuta, halafu akatazama bakuli. Mama mmoja mwenye kilemba cha zambarau alikumbuka kitu chooni. Wa pili alikwenda kumsaidia kukikumbuka.

Viviane alimpa Aziza ishara ya mkono, ya kukata kamba kwa mkasi. Kata simu.

Kidole cha Aziza kilikuwa tayari juu ya kitufe. Maisha yake yote alikuwa ameambiwa kata, akakata, ngoja, akangoja, beba, akabeba. Alijua pia kwamba akikata sasa, ushahidi umekwisha na wizi umeandikwa. Akaangalia mstari ule ulio chini ya neno lile kwenye daftari la Godeliève. Akaondoa kidole.

"Mjomba," akasema, na sauti yake yeye mwenyewe haikuitambua, "kuna kina mama wengine hapa bado hawajakusalimu."

"Ndiyo maana nashangaa. Walete mmoja mmoja, kila mtu ataje babu yake. Mimi nimeshaswali adhuhuri, nina nafasi mpaka alasiri."

Kiti kilisogea. Kingine kikasogea. Godeliève, ambaye babu yake alikuwa mbao ya kulia, mstari wa pili, "aliyepigania uhuru kwa kalamu", alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena.

"Mama Lina," Viviane akanong'ona, "kadi yako ina dakika ngapi?"

"Cent vingt," Aziza akajibu. Mia na ishirini. "Na ingine iko kwenye mukoba."

"Maman présidente," Godeliève akadakia, "mimi nilikuwa nasoma kanuni ya nne tena. Inasema 'aliyefungwa'. Huyu alifungwa."

"Inasema kwa ajili ya uhuru," akasema mtu wa nyuma, mjinga kidogo, wa aina ambayo kila chama kina mmoja.

Godeliève akamgeukia. "Kitambaa kilikuwa cha nani? Cha wakoloni. Kofia zilikuwa za nani? Za uhuru. Donc hakuiba. Alihamisha mali ya adui kuipeleka kwa wananchi. Uko na swali lingine? Kama uko na swali, njoo umuulize papa Iddi, na umutajie babu yako."

Mtu wa nyuma hakuwa na swali.

"Na kaptula?" Viviane akauliza kwa unyonge.

"Sabotage," Godeliève akasema.

Neno hilo likapita ukumbini kama feni wakati wa joto. Watu wakalirudiarudia. Hujuma. Bila shaka ilikuwa hujuma. Fundi mzoefu hawezi kubana kaptula kwa bahati mbaya.

"Tupige kura," Viviane akasema.

Mikono ikapanda. Wengine walipandisha yote miwili. Kutoka kwenye ushoroba, mlangoni mwa choo, mkono wenye bangili ulitokeza peke yake ukabaki hewani mpaka Godeliève alipouhesabu. Ishirini na sita kwa ishirini na sita. Tangu tawi lianzishwe hakuna jambo lililopita bila mpinzani, hata rangi ya vikombe.

"Papa Iddi," Viviane akasema karibu na bakuli, "tunakushukuru sana, sana. Tumemukubali."

"Mmemkubali nani?"

"Aziza."

"Kwani alikuwa amekataliwa?" mzee akauliza. Aziza akamshukuru mjomba wake upesi, akamtakia maisha marefu, akakata.

Kikao kile kile, kabla ya watoto wa karate, kilipitisha mabadiliko mawili. La kwanza, cheo cha mtazamaji kilifutwa, na Ukuta utabebwa kwa zamu. La pili, kwa heshima ya umri wao, wazee wa nyumbani hawatasumbuliwa tena kwa simu, na mwombaji ataleta barua. Kumbukumbu za siku ile, zilizosainiwa na katibu, zinasema shahidi alithibitisha kwa kirefu.

Jikoni, Aziza akiosha vikombe kwa mazoea, Viviane alikuja akasimama pembeni, akachukua kitambaa, akaanza kufuta. Aziza hakuwahi kumwona akishika kikombe kisichokuwa na kahawa.

"Yule papa," Viviane akasema. "Anapenda kupokea simu za watu?"

"Anapenda sana."

"Na afya yake?"

"Nzuri, alhamdulillah. Baba yake alifika miaka mia na mbili."

"Bon," Viviane akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa mvua itanyesha wiki nzima. "Mungu amutunze."

Aziza alimtazama akifuta kile kikombe, taratibu, kikiwa kimeshakauka zamani. Alimwonea huruma kidogo. Si ile ya kutoka juu. Alifikiri kwamba huyu naye labda alipewa babu yake na mama aliyekuwa akiinuka kwenda kutazama maharage. Alitaka kumwambia hatalisema neno popote. Halafu akakumbuka harusi bado wiki nne, akaona ni bora kutomwambia kitu mpaka ipite.

Wiki nne hizo hakulala vizuri. Kila jioni alingoja simu ya kusema kumetokea dharura, sare hazikufika, mama rais ana mafua. Mafua hayakuja. Tarehe saba ya mwezi wa saba, kwenye ukumbi wa harusi Anderlecht, kina mama wa Mama Djibril walikuwa wameshakaa, arobaini na wawili, wamenyooka, wamepaka udi, wamechukua upande wao na robo ya upande wa pili. Aziza alisimama mlangoni, akitazama ngazi. Saa nane. Saa nane na robo. Lina alikuwa nyuma ya pazia, naye hajauliza tena swali la mwezi wa nne, na kutouliza kwake ndiko kulikomuumiza mamake zaidi.

Saa nane na nusu ngoma ililia kwenye ngazi. Wakaingia wawili wawili, vitenge vya kijani na nyekundu, vilemba vyeupe, Viviane mbele, Godeliève na kalamu shingoni, mwenye kilemba cha zambarau amekibadilisha, hata yule mjinga wa nyuma. Walileta binamu na wakwe ili kuwa salama. Vigelegele vilipanda mpaka waliokuwa chini barabarani wakainua vichwa. Aziza alimwona Mama Djibril akihesabu kwa midomo, bila sauti, mpaka thelathini na sita, kisha akawapungia mkono watu wake wasogee, waachie viti.

Lina alipotoka nyuma ya pazia alizungukwa pande zote asionekane isipokuwa ushungi. Mwanamke mmoja asiyemjua kabisa alikuwa akimpangusa jasho, mwingine akimnyanyulia gauni, na Viviane akasimama mbele ya wageni kumtaja bibi harusi ametoka kwa nani, kama desturi.

"Huyu," akasema kwa ile sauti yake ya Jumapili, "ni kitukuu cha Abdul-Aziz wa Buyenzi, fundi, mufungwa wa uhuru, mutu aliyeuvua ukoloni kaptula mchana, mbele ya bendi."

Ujiji yote ikapiga makofi. Hamissi alimtazama mkewe, na safari hii hakurudi kwenye kitu kingine.

Mama Djibril alimwinamia Aziza sikioni. Macho yake yalikuwa na heshima mpya, nayo ilimkaa vizuri. "Dada yangu, hukutuambia kama mna ukoo wa namna hii. Na huyu bibi anayesema, babu yake naye alikuwa katika mapambano?"

Aziza akamwangalia Viviane, aliyekuwa amewanyamazia makofi na kusubiri yapungue, amesimama wima kama mtu anayekaguliwa.

"Alikuwepo siku ile ile," Aziza akasema. "Yeye ndiye alikuwa mbele kabisa."